Mashahidi Wanne na Habari Moja

Yako maswali ambayo mwalimu huulizwa mara moja tu, na jinsi ajibuvyo siku hiyo ndivyo atakavyokumbukwa na mwanafunzi wake siku zote. Swali tunalotaka kulifikiri leo ni la namna hiyo. Injili ziko nne, nazo katika mambo mengi hazisemi sawasawa. Je, yatupasa kuzionyesha tofauti hizo mbele ya wale tunaowafundisha, au ni afadhali kuzifunika ili imani ya wadogo isitikisike? Wengine watasema kwamba hili ni swali la wenye elimu. Sisi twaona ni swali la uaminifu, na kila mwalimu, hata wa darasa la kwanza, hana budi kulijibu.

Kwanza twaungama kosa letu wenyewe. Siku moja tulikuwa tukifundisha habari ya kipofu wa Yeriko. Kijana mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono, akasema: "Mwalimu, Marko ataja kipofu mmoja, naye ni Bartimayo. Mathayo asema walikuwa wawili. Tena Luka asema Yesu alikuwa akiukaribia mji, na hao wengine wasema alikuwa akitoka. Ni yupi asemaye kweli?" Hatukuwa tayari kwa swali hilo. Nasi badala ya kukiri kwamba hatukuwa tayari, tukamwambia kwamba maswali ya namna hiyo hutoka katika kiburi, tukamwamuru aketi. Akaketi. Mwaka mzima hakuuliza tena, nasi tukadhani tumeilinda imani yake.

Miaka ikapita. Kijana yule akaenda kufanya kazi mjini, na huko akakutana na mtu mwenye kudhihaki, aliyemwonyesha tofauti kumi mahali pa ile moja. Hakuwa na la kujibu. Lakini tulipokutana naye baadaye, tulijua kwamba lililomwumiza si tofauti zenyewe. Alituambia: "Mwalimu, nilifahamu kwamba ninyi mlijua, mkanificha. Basi nikajiuliza, ni yapi mengine mliyonificha?" Neno hilo halijatutoka moyoni hata leo. Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Nasi tuliyaficha mambo ambayo hata hayakuwa maradhi.

Basi tuyatazame mambo yenyewe mchana kweupe. Mathayo aanza kitabu chake kwa nasaba itokayo kwa Ibrahimu na kushuka hata Yusufu, na baba yake Yusufu amwita Yakobo. Luka apanda kutoka kwa Yusufu hata Adamu, na baba yake Yusufu amwita Eli. Mathayo atuletea mamajusi na nyota, na hasira ya Herode, na safari ya Misri. Luka atuletea wachungaji na hori ya kulia ng'ombe, na wazee wawili, Simeoni na Ana, hekaluni. Marko hana habari yo yote ya kuzaliwa. Aanza mtoni Yordani. Yohana naye aanza kabla ya mwanzo wa vitu vyote. Habari ya Yesu kuwafukuza wafanya biashara hekaluni, Yohana aiweka mwanzo wa kazi yake; wale watatu waiweka katika juma la mwisho. Sala ya Bwana katika Mathayo ni ndefu kuliko katika Luka. Katika Mathayo wanaobarikiwa ni maskini wa roho, na katika Luka ni maskini tu, tena matajiri wapewa ole wao. Katika habari ya kaburi, Marko ataja wanawake watatu, Mathayo wawili, Luka wengi, na Yohana amtaja Mariamu Magdalene peke yake. Marko asema waliona kijana mmoja aliyevaa nguo nyeupe, Luka asema watu wawili.

Hata saa si moja. Marko asema walimsulibisha saa tatu. Yohana asema ilikuwa kama saa sita, naye Pilato hajamtoa bado. Na katika jambo hili msomaji wa Kiswahili yu karibu na maandiko kuliko wasomaji wengi wa Ulaya, maana Wayahudi waliuhesabu mchana tangu macheo, kama sisi tuhesabuvyo. Saa tatu yao ndiyo saa tatu yetu, jua limekwisha kupanda. Saa sita yao ndiyo adhuhuri yetu. Mzungu hana budi kugeuza hesabu kabla ya kuelewa, na katika kugeuza huko aweza kupata pahali pa kujificha. Sisi hatuna pahali hapo. Twaiona tofauti mara tusomapo.

Haya basi, je, mashahidi wanaotofautiana ni waongo? Hapa na tuulize baraza zetu wenyewe. Tuseme kwamba jahazi limezama karibu na mlango wa bandari usiku wa upepo mkali, na watu wanne wameitwa watoe habari. Mmoja ni nahodha, wa pili ni baharia, wa tatu ni abiria aliyeokolewa, na wa nne ni mvuvi aliyekuwa pwani. Wakija wanne hao wakasema neno kwa neno, kwa mpango mmoja na kwa maneno yale yale, mzee wa baraza hafurahi. Atainua uso na kuuliza: "Ni nani aliyewafundisha?" Lakini mmoja akisema tanga lilipasuka kabla ya mlingoti kuvunjika, na mwingine akasema mlingoti ulitangulia, mzee hawafukuzi. Ajua kwamba jahazi lilizama kweli, kwamba upepo ulikuwa wa nguvu, na kwamba watu hawa hawakukaa pamoja jana usiku kutunga maneno. Uongo si kutofautiana. Uongo ni kutaka kumdanganya mwenzako. Augustino, askofu wa Hipo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika karibu na mwaka 400 kitabu kizima juu ya mapatano ya Waandishi wa Injili, na katika hicho alifundisha kwamba watu wawili waweza kuleta maneno mbalimbali na wote wawili wakawa wakweli, kama wote waeleza nia ile ile ya msemaji.

Mfano huu wa baraza ni mzuri, na walimu wengi huutumia. Walakini tukiutumia bila kuonyesha mwisho wake, tutakuwa tumefunika tena. Maana waandishi wa Injili hawakuwa watu wanne waliotengwa kila mmoja peke yake. Luka mwenyewe, katika maneno yake ya kwanza, akiri kwamba wengi waliandika kabla yake, naye alichunguza habari zote kwa taratibu. Tena kitabu cha Marko, kilicho kifupi kuliko vyote, chenye sura 16, karibu chote kimo ndani ya Mathayo mwenye sura 28: katika aya za Marko, zaidi ya 600 zina mfano wake katika Mathayo, mara nyingi kwa maneno yale yale ya Kiyunani. Kwa sababu hiyo wataalamu walio wengi wanaamini kwamba Marko aliandika kwanza, na kwamba Mathayo na Luka walikuwa na kitabu chake mbele yao. Ikiwa ni hivyo, baadhi ya tofauti hazikutokea kwa kusahau wala kwa kusimama mahali mbalimbali. Zilitokea kwa kukusudia. Marko asema kwamba huko kwao Yesu hakuweza kufanya mwujiza wo wote, ila aliponya wagonjwa wachache. Mathayo asema hakufanya miujiza mingi. Ni nani asiyeona kwamba maneno ya Mathayo ni laini kuliko ya Marko?

Hapo ndipo jambo lenyewe linapokuwa zito, na hapo ndipo linapokuwa zuri pia. Kwa maana Mathayo alipokwisha kukichukua karibu kitabu chote cha Marko, na kukiongezea, na kukilainisha, Marko alikuwa na kazi gani tena? Mtu mwenye busara ya dunia hii angalisema: tunacho kilicho kamili zaidi, na tukiache kile kifupi kipotee. Kanisa la kwanza halikufanya hivyo. Lililinda chote viwili, kigumu na laini, pamoja na maneno yaliyowatia watu haya na maneno yaliyowapendeza. Twaona hili ni tendo la uaminifu ambalo hatulitaji vya kutosha.

Wala si kwamba watu hawakujaribu njia nyepesi. Walijaribu mbili. Njia ya kwanza ni ya Markioni, tajiri mwenye merikebu aliyetoka Ponto, ambaye kanisa la Roma lilimtenga karibu na mwaka 144. Yeye alichagua Injili moja tu, ile ya Luka, na hata hiyo akaikata mahali pasipompendeza. Njia yake ni kusema: shahidi mmoja atosha, na nitamchagua mimi. Lakini hebu tufikiri hasara yake. Anayechukua Luka peke yake amempoteza Nikodemo, na mwanamke Msamaria kisimani, na Yesu akiwaosha wanafunzi miguu, maana hayo yamo katika Yohana tu. Anayechukua Mathayo peke yake ampoteza Msamaria mwema na mwana mpotevu, maana hao wamo katika Luka tu. Anayemwacha Mathayo hana wanawali kumi, wala kondoo na mbuzi waliotengwa siku ya hukumu. Hata Marko mfupi ana mfano wake mmoja usio na mwenzi, ule wa mbegu iotayo na kukua usiku na mchana hali mkulima hajui jinsi ikuavyo.

Njia ya pili ni ya Tatiani, mtu wa Ashuru, aliyekuwa mwanafunzi wa Yustino kule Roma. Karibu na mwaka 170 alizichukua Injili zote nne akazifuma kuwa habari moja isiyo na mshono, na kitabu chake kikaitwa Diatesaroni, maana yake kwa Kiyunani ni "kwa njia ya wanne". Nia yake si mbaya. Hakutaka kumfukuza shahidi. Alitaka wasemee kinywa kimoja. Nasaba mbili zisizopatana akaziacha zote mbili. Makanisa ya watu wa Shamu yaliipenda kazi hiyo, wakaisoma ibadani muda wa karne mbili na zaidi, na Efraimu, mwalimu wao mkuu aliyekufa mwaka 373, aliandika maelezo yake. Lakini katika karne ya tano Theodoreto, askofu wa Kiro, alikuta nakala zaidi ya 200 katika makanisa ya nchi yake, akazikusanya na kuziondoa, akaweka mahali pake Injili nne. Leo hakuna nakala kamili ya kitabu hicho katika maneno yake ya kwanza. Mwaka 1933 waliochimba magofu ya mji wa Dura, kando ya mto Frati, waliona kipande kidogo cha ngozi chenye habari ya Yusufu wa Arimathaya, maneno ya Injili mbalimbali yakiwa yameshonwa pamoja, na wengi wamekihesabu kuwa cha kazi hiyo ya Tatiani.

Twamhurumia Tatiani, maana sisi walimu tu ndugu zake. Kila mwaka, wakati wa Krismasi, hufanya kama yeye: mamajusi wa Mathayo huwasimamisha karibu na wachungaji wa Luka mbele ya hori moja, na watoto huimba. Hatusemi kwamba ni dhambi. Lakini mtoto akiisha kukua, hana budi kuambiwa kwamba picha ile tumeishona sisi. Kwa sababu mfumaji, kwa mapenzi yake mema, huleta sauti ya tano, nayo ni yake mwenyewe. Katika Marko na Mathayo, Yesu msalabani alia kwamba Mungu wake amemwacha. Katika Luka aiweka roho yake mikononi mwa Baba. Katika Yohana asema kazi imekwisha. Ukiyapanga maneno hayo mstari mmoja, kilio cha kwanza hupozwa na maneno yafuatayo kabla hakijatuumiza. Marko hakutaka kipozwe. Mtu aliyefiwa, anayejiona ameachwa, ahitaji kumkuta Bwana wake katika kilio hicho, wala asiharakishwe.

Basi kanisa liliziacha nne zisimame. Irenayo, askofu wa Lioni katika Galia, alipoandika karibu na mwaka 180, alishika kwamba haziwezi kuwa zaidi ya nne wala kupungua, akazifananisha na pande nne za dunia na pepo nne. Labda mfano wake hautushindi leo. Lakini shabaha yake twaielewa: hakutaka Injili ipunguzwe ili iwe nyepesi kushika.

Tukubali pia kwamba ziko tofauti ambazo hatuwezi kuzipatanisha kwa nguvu pasipo kuumiza kweli. Iko ile ya siku ya Pasaka. Siku ya Wayahudi huanza magharibi, kama hesabu ya zamani ya watu wa pwani yetu, ambao kwao usiku hutangulia mchana wake. Injili zote nne zapatana kwamba Yesu alikufa siku iliyotangulia sabato. Lakini kwa wale watatu, karamu ya mwisho ilikuwa Pasaka yenyewe, imekwisha kuandaliwa. Kwa Yohana, Wayahudi walikataa kuingia katika nyumba ya Pilato asubuhi yake, wasije wakatiwa unajisi wakashindwa kula Pasaka, maana ilikuwa haijaliwa bado. Wenye elimu wametafuta njia nyingi za kuunganisha, wala hapana moja iliyowaridhisha wote. Origene wa Iskanderia, katika karne ya tatu, alikiri kwamba yako mahali katika Injili ambapo mtu akishika habari ya nje peke yake hataweza kuzipatanisha, sharti atafute maana iliyo ndani. Mtu huyo aliyapenda Maandiko kuliko walio wengi wetu, na hakuogopa kukiri.

Lakini sasa tugeukie upande wa pili, kwa kuwa yuko na mtu mwingine anayekosa, naye ni yule aliyemdhihaki kijana wetu. Yeye huzikusanya tofauti kama mtu akusanyaye mawe ya kutupa, wala hahesabu mapatano. Na mapatano si machache. Wote wanne wasema juu ya Yohana Mbatizaji, na Galilaya, na wale kumi na wawili. Wote wanne wana mwujiza mmoja wa mikate mitano na samaki wawili, na vikapu kumi na viwili vya mabaki. Marko akumbuka kwamba majani yalikuwa mabichi, na Yohana kwamba mikate ilikuwa ya shayiri, nayo ilikuwa ya mtoto. Wote wanne wamtaja Pilato, na msalaba, na Yusufu wa Arimathaya, na siku ya kwanza ya juma, na Mariamu Magdalene. Wote wanne waandika kwamba Petro, mkubwa wao, alimkana Bwana wake usiku ule jogoo asijawika. Tofauti ni kwamba Marko ahesabu jogoo kuwika mara mbili, nasi tuliolelewa vijijini twajua jogoo la kwanza na la pili. Je, watu wanaotunga hadithi ili wasifiwe, wangalipatana wote kuiandika aibu ya mzee wao? Basi anayedhihaki afanya kosa lile lile la anayeficha. Wote wawili wadhani kwamba kweli haiwezi kuishi pamoja na tofauti. Mmoja azificha tofauti ili aiokoe kweli, na mwingine azitangaza ili aiue.

Kwa hiyo twaona wajibu wa mwalimu ni mambo matatu. La kwanza, asiseme neno asilolijua. Mwanafunzi akiuliza, naye hana jibu, na aseme, "Sijui, tutafute pamoja." Heshima yake haitapungua hata kidogo. La pili, asiharakishe kuwapatanisha mashahidi kabla hajamsikiliza kila mmoja hata mwisho, kama vile baraza njema isivyomkata shahidi maneno yake. Amfundishe Marko awe Marko, na Luka awe Luka. La tatu, apime kwa kadiri ya umri. Si lazima mtoto wa miaka saba aelezwe hesabu ya Pasaka. Lakini kungoja si kuficha. Anayengoja huiweka habari mpaka wakati wake. Anayeficha hutumaini kwamba wakati huo hautakuja.

Wengine watatuuliza, "Je, kama mwanafunzi atatikisika?" Twajibu: yawezekana atatikisika. Mti uliopandwa hutikiswa na upepo, na kwa kutikiswa hushika mizizi. Lakini ni heri atikiswe akiwa pamoja nasi, hali tuko karibu naye, kuliko atikiswe peke yake ugenini na mtu asiyempenda, akikumbuka kwamba mwalimu wake alimwambia aketi.

Yule kijana wetu, tulipokwisha kumsikiliza, tulimwomba radhi. Kisha tukafungua vitabu vyote vinne juu ya meza moja, habari ya kipofu wa Yeriko upande wa Mathayo, na upande wa Marko, na upande wa Luka. Katika Yohana haimo. Tulisoma mpaka jua likachwa. Swali lake la kwanza, kama walikuwa mmoja au wawili, hatukulimaliza. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyetuonyesha jambo tusilolitambua katika miaka yote ya kufundisha: kwamba katika habari zote tatu, mkutano ulimkemea kipofu anyamaze, naye akazidi kupaza sauti, na kwamba Yesu alisimama, wala hakumwamuru aketi.